Sampo iliyofuatwa na mwenyewe

Mzee aliingia studio saa nne asubuhi, koti la mvua mkononi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza yuko wapi "kijana aliyenichukulia gitaa". Dogo, prodyuza wa pale, akaruka. Akaapa kwamba humu ndani hakuna gitaa la mtu, mzee atafute hata chini ya godoro. Na kweli halikuwepo. Studio yenyewe iko nyuma ya saluni pale Mwanjelwa, Mbeya: kompyuta moja, spika mbili, kinanda cha vitufe 25, maikrofoni iliyovishwa soksi, na trei za mayai ukutani. Mzee hakubishana. Akatoa simu, akampa mjukuu aliyekuja naye ambonyezee, ikalia biti ya Dogo.

"Huyo ni mimi," akasema. Akanyamaza, kidole juu, baa mbili za mapigo manne manne zikapita. "Sasa sikiliza. Hapo! Umesikia uzi unavyokwaruza? Hapo nilikosea."

Tukairudia. Kweli, baa ya tatu, pigo la mwisho, kuna uzi unakwaruza kama nzi ndani ya kopo. Dogo aliusikia mkwaruzo ule miezi minne akidhani ni uchakavu wa kanda, akaupenda, ndiyo maana baa ile hakuikata. Sasa amesimama mbele ya mtu anayeujua ulipotoka kwa sababu kidole kilikuwa chake.

Mimi nilikuwa pale kwa shughuli nyingine kabisa, nimefuata waya wangu niliomwazima Dogo. Nikajikuta msuluhishi, kwa kuwa ukimtoa mzee, mwenye mvi nyingi mle ndani nilikuwa mimi. Nakisimulia kisa hiki kwa ridhaa yao, bila majina, kwa sababu nimeona prodyuza wengi wa huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Makambako, wanafanya alichofanya Dogo, yaani kusampo, kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukijengea biti, na bado hawajagongewa mlango.

Kanda ya shilingi 500

Dogo aliikuta kanda soko la Sido, kwenye turubai la jamaa anayeuza redio zilizokufa. Kanda ya kurudufu, haina karatasi, upande mmoja mtu ameandika kwa kalamu: "Kwaya 87". Akachukua redio kaseti ya mama yake, akasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, akachomeka waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta. Upande B akakuta wimbo ambao gitaa, besi na waimbaji wanaingia pamoja tangu sekunde ya kwanza. Hakuna hata mahali pamoja ambapo gitaa liko peke yake.

Hilo ndilo la kushika katika kisa hiki. Ingekuwa miaka 10 iliyopita, Dogo angeitoa kanda, akasema "haina kitu", akairudisha kwenye boksi. Safari hii alilipeleka faili kwenye programu ya kutenganisha sauti. Dakika mbili baadaye yakatoka mafaili manne: sauti za waimbaji, ngoma, besi, na la nne limeandikwa "vinginevyo". Gitaa la mzee lilikuwa kwenye vinginevyo. Tulipomweleza hilo baadaye aliuliza mara mbili: "Yaani mimi ndiye vinginevyo?"

Gitaa halikukaa kwenye kii yoyote, yaani kimo cha noti. Lilikuwa senti 40 chini ya noti ya G, na senti 100 ndiyo nusu hatua kati ya noti na noti. Mkanda wa redio ya mama umelegea, basi kanda inazunguka kivivu. Na kwaya yenyewe, mzee alitueleza, haikuwa na kinanda cha kupimia. Walikaza na kulegeza nyuzi kufuata koo za wanaume wa besi. Prodyuza mvivu angelisukuma juu mpaka G. Dogo alilishusha senti 60 nyingine likakaa kwenye F shapu, likapata uzito, likawa kama mtu anayeongea baada ya usingizi. Akalikata vipande nane, akavisambaza kwenye vitufe, akaibakiza baa ya tatu nzima. Kasi mapigo 88 kwa dakika. Kiki, ile ngoma ya mguu, nzito, snea kavu, besi inafuata kidole gumba cha mzee. Nimesikia biti nyingi za Mbeya, na ile ni miongoni mwa nzuri. Siisifii kwa huruma.

Aliiuza shilingi 40,000 kwa mchanaji mmoja wa rap wa Iyunga. Wimbo ukatoka, ukazunguka kwenye bajaji, na siku moja pale Uyole mzee, akisubiri gari la Tukuyu, akasikia ujana wake unapita barabarani na ngoma asizozijua.

Sehemu iliyo wazi

Dogo alianza kujitetea kwa hoja ambayo kila prodyuza anayo mfukoni: hip hop ndivyo ilivyo, imejengwa kwa vya watu tangu mwanzo. Nusu yake ni kweli.

DJ Kool Herc, aliyepiga sahani za santuri kwenye sherehe ya dada yake huko Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, alijulikana kwa jambo moja: aliona wachezaji wanasubiri pale bendi inaponyamaza na kumwachia mpiga ngoma. Akatafuta sahani mbili zilezile, hii ikimaliza kipande anarudi kwenye ile, sekunde chache zikawa dakika. Ufundi wote ulianzia kwenye kutafuta mahali ambapo waimbaji wamefunga mdomo. Sehemu iliyo wazi. Kama haipo, sahani haina kazi.

Mashine za kusampo zilipokuja zilibana zaidi. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilibeba jumla ya sekunde 10 hivi za sauti. Sekunde 10 za biti nzima! Watu wakajifunza kuipiga sahani ya mzunguko wa 33 kwa kasi ya 45, wairekodi ikiwa imekimbia, halafu waishushe ndani ya mashine ili nafasi itoshe. Sauti ikatoka na mchanga, na ule mchanga tuliokuja kuuabudu ulikuwa ubahili wa kumbukumbu tu. Mwaka 1988 ikaja Akai MPC60 aliyoibuni Roger Linn, pedi 16 za mpira, nne kwa nne. Kijana anayegonga biti kwenye simu leo anagonga kivuli cha pedi zile bila kujua.

Nilimwambia Dogo hivi: wale jamaa wengi hawakulipa, sitakudanganya. Lakini ili uipate sehemu iliyo wazi ilikupasa uinunue sahani, uisome karatasi yake, uwajue wapiga ngoma kwa majina. Deni walikuwa nalo, na aliyewadai walimjua. Wewe ulipewa faili liitwalo vinginevyo.

Hapo mzee akauliza kama yupo yeyote kati ya wapiga ngoma hao aliyewahi kufuata haki yake. Nikamsimulia habari ya Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons. Mwaka 1969 walirekodi upande B wimbo uliosukwa juu ya wimbo wa kanisani, katikati wakamwachia Coleman apige peke yake sekunde 6 au 7. Sekunde hizo zimesampowa katika maelfu ya nyimbo, za hip hop na za muziki wa Uingereza ambao bila ngoma ile usingekuwepo. Coleman hakupata kitu. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia kiongozi wa bendi, Richard Spencer, pauni 24,000.

"Na mpiga ngoma?"

"Alifariki 2006, mzee. Akiwa fukara."

Mzee akakunja koti lake magotini, akalilaza vizuri. Mle ndani Dogo peke yake ndiye hakujua pa kutazama.

Kwa upande wetu mambo yalikuja kinyumenyume. Kabla ya Dar kuwa na studio za maprodyuza akina Master Jay na P-Funk Majani, na hata baada ya hapo kwa sisi wa mikoani, tulichana juu ya biti tupu za Wamarekani zilizokuwa upande wa pili wa kanda. Hatukukata sampo, tulichukua biti nzima. Sugu, mchanaji maarufu, alikulia hapahapa Mbeya, kwa hiyo kila kijana wa mtaani aliamini inawezekana. Kilichokosekana ni mashine. Halafu ikaja FruityLoops, programu ya Wabelgiji ya mwaka 1997, ikatufikia huku kwenye sidii za kuchoma. Nilijifunza usiku kwenye kompyuta ya darasa la kompyuta pale Soweto ya hapa Mbeya, mlinzi akituhesabia saa. Programu yenyewe hatukuwa tumeilipia, kwa hiyo anayetaka kunirushia jiwe ninapozungumza habari za haki arushe tu. Sahani hatukuwa nazo, sampla, zile mashine za kusampo, hatukuwa nazo. Tulipanga kiki na snea zilizokuja na programu, wote zilezile, mpaka nikawa nautambua mlio mmoja wa snea kutoka Iringa hadi Songea. Kusampo kwa maana ya kukata sauti ya watu kulitujia baadaye sana, wakati kompyuta zina nguvu na kanda za wazee zinatupwa.

Kisha mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ikatoa bure Spleeter, programu inayochambua wimbo uliokwisha changanywa na kuutoa vipande vipande. Mwaka 2023 hata FL Studio, ndiyo hiyohiyo FruityLoops iliyobadilishwa jina, ikaweka kifaa cha namna hiyo ndani yake. Sehemu iliyo wazi ikaisha maana, maana kila mahali pamekuwa wazi. Kwaya inaweza kuimba kwa sauti zote nne na bado ukalitoa gitaa chini yake kama samaki kwenye mchuzi. Swali lililomhangaisha fundi miaka 40, kwamba hiki kitakatika vipi, limekufa. Lililobaki ni cha nani, na hilo programu haina faili lake.

Mtu wa nne

Tungekuwa na mzee, Dogo na mchanaji tu, tungemaliza mchana uleule. Lakini mchanaji alipofika, amefura, alikuja na habari nyingine: mwezi uliopita video yake ya YouTube ilipokea dai la hakimiliki, na mapato yote yanakwenda kwa mtu. Akadhani mtu huyo ni mzee. Mzee hana hata barua pepe.

Tukafuatilia. Kuna mtu, hatumjui, alichukua kanda za namna ileile, akazigeuza kuwa mafaili, akazipandisha kwa wakala wa kusambaza muziki kama mkusanyo wa kwaya za zamani, mwenye haki akajiandika yeye. Mfumo wa utambuzi ulipoisikia intro ya Dogo, ambako gitaa linalia baa nane bila ngoma, ukalinganisha na hazina yake ukapiga mhuri. Mashine haiulizi nani alipiga. Inauliza nani alitangulia kupandisha.

Kwa hiyo mzee alikuwa ameliwa na watatu: aliyerudufu kanda sokoni, aliyeipandisha, na Dogo. Akaja kwa Dogo kwa sababu Dogo ndiye pekee mwenye mlango. Naona hilo lisemwe, kwa kuwa Dogo alijiona ameonewa, na kwa kiasi fulani alionewa.

Mchanaji akataka tupinge dai siku hiyohiyo. Utaratibu wa YouTube ni kwamba ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu, asipojibu dai linaanguka. Nilikataa, tukagombana kidogo. Fomu ile inakutaka useme una haki gani juu ya sauti ile. Ungeandika nini? Kwamba mwizi mwenzako amewahi?

Dogo naye akasema amebadilisha: ameshusha kii, amekata, amepanga upya. Hoja hiyo imekwisha kufika mahakamani kwa wenzetu. Mwaka 1991 jaji wa New York, katika kesi ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan dhidi ya rekodi ya mchanaji Biz Markie, alifungua uamuzi kwa amri ya Biblia: Usiibe. Kuanzia hapo kusampo Marekani kukawa jambo la wanasheria na wenye fedha, na wasio nazo wakarudi kwenye vinanda. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ikatazama gitaa la sekunde 2 tu, lililoshushwa sauti na kuzungushwa, na jibu likawa fupi: chukua leseni au usisampo. Mahakama nyingine ya rufani hukohuko, 2016, ikaona mlio wa tarumbeta usiofika robo sekunde si kitu cha kushtakiana. Hakuna kati ya hizo inayoifunga mahakama yetu, lakini hata kwa ile ya huruma, Dogo alichukua baa nne, sekunde 11 kwa kasi ya 88, tena zile ambazo mtu akizisikia Uyole anageuka.

Kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, na haki haingoji usajili. Ukiifungua kanda ile kwa macho ya sheria unakuta watu watatu ndani yake. Mtunzi: maneno yametoka kwenye kitabu cha nyimbo, na Dogo hakuyagusa, lakini mpigo wa gitaa aliutunga mzee. Waliopiga na kuimba: mzee na wenzake. Aliyerekodi: mgeni mmoja aliyepita na mashine yake na maikrofoni mbili, akarekodi kanisani mchana mmoja, akaacha nakala, akaondoka. Rekodi inalindwa miaka 50, kwa kanda ya 1987 ni mpaka 2037. Ruhusa ya utunzi ilikuwa mbele yetu, imekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ruhusa ya rekodi tungeitafutia wapi?

Ndipo nikakumbuka kwamba wimbo wa kwanza wa rap kuvuma duniani, mwaka 1979, mpigo wake haukuwa sampo. Walikaa wapigaji studio wakaupiga upya mpigo wa bendi ya Chic, na wenyewe walipokuja juu wakaandikwa watunzi. Ukipiga upya unaiacha rekodi ya mtu, unabaki na utunzi, na wa utunzi tunaye. Dogo, mtoto wa programu za kutenganisha, alionekana kama mtu aliyeambiwa akachote maji mtoni.

Nyuzi

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mzee anaandikwa mtunzi mwenza na mpiga gitaa. Anapata nusu ya fungu la utunzi. Anapewa shilingi 60,000 mkononi: Dogo anatoa 40,000, yaani bei yote ya biti, mchanaji 20,000. Video ya zamani inashushwa, na watazamaji wake wanapotea. Hilo lilimuuma mchanaji kuliko fedha. Mzee aliongeza sharti moja, anunuliwe nyuzi, kwa sababu gitaa lake nyumbani limebaki na nne. Aliyeipandisha kanda tulimwacha na kanda yake. Sikuridhika na hilo, na mpaka leo mkusanyo wake upo.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, gitaa kwenye mfuko wa sulfeti. Mvua ikaanza kabla hajakaa, na bati la saluni lile mvua ikipiga hakuna maikrofoni inayosikia kingine, tukangoja saa nzima tukinywa chai. Tukavika nyuzi mpya. Mzee anapiga mkono wa G. Biti iko F shapu. Tukazilegeza zote nusu hatua, mkono ukabaki uleule. Mlio wa kuhesabia mapigo ulimkera, akasema ni kama mtu anayekugongea mlango ukiwa unaoga. Dogo akauzima, akamwekea ngoma zenyewe masikioni. Mwanzo alikimbia, kanisani walipiga haraka zaidi. Kisha mguu ukakubali, gumba likawa linashuka na kiki, na mimi niliyejidai mwalimu nikanyamaza.

Mchanaji alisikiliza, akakuna kichwa. "Nzuri. Ila imekauka. Ule mkwaruzo hakuna."

Nyuzi mpya, mkono uliotulia: hakukosea popote. Dogo akamwomba kwa adabu zote, mzee wangu, samahani, kama ungeweza kukosea pale baa ya tatu. Mzee akajaribu. Akalegeza kidole, uzi ukazima kabisa. Akajaribu tena, ukalia safi. Akacheka mpaka akavua hedifoni. Mara ya nne, alipokuwa hafikirii, uzi ukakwaruza wenyewe, lakini kwenye baa ya pili.

Dogo alikuwa ameshaushika kwa mausi, anauburuta.

"Unafanya nini?"

"Naupeleka baa ya tatu, mzee. Kama ule wa kwenye kanda."

"Uache hapohapo. Ule ulikuwa wa mwaka ule."

Katika wimbo uliotoka sasa, mkwaruzo uko baa ya pili.